Muti Ikilia, Usilale

Mu miaka ya vita, sisi watu wa Bujumbura tulikuwa mafundi wa kulala chini. Mi sijasoma sana, nilifika mwaka wa tatu nikatoka, lakini ile kazi ya kulala nilikuwa na diplome yake. Ukisikia kaa, ile sauti ya risasi, unalala. Hauulizi nani, hauulizi wapi. Mutu yuko anapika, analala na mwiko mu mukono. Mutu yuko anasali, anasujudu na rukuu hajafika bado. Siku moja jirani yangu alijitupa mu beseni ya kufulia, akainuka na povu mu masikio, akaniuliza, "Imeisha?" Nikamuambia, "Mama, ilikuwa mulango wangu, upepo imeufunga."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ndo vile tuliishi. Watu wanafikiri vita ni kulia tu kila siku. Tulilia, eh, lakini kucheka pia tulicheka, sababu kicheko haiombi ruhusa.

Hii habari yenye nataka kuwapa ni ya miti. Sisi tulikuwa tunakaa Nyakabiga, mi na bwana yangu. Yeye ni fundi wa magari, mutu wa tumbo kubwa na mukono ya nguvu. Na kule juu ya bonde ya Ntahangwa, upande wa Mutanga Sud, kulikuwa na shamba ya karatusi, miti ya zamani, mirefu. Mvua ikinyesha, mto inakula udongo. Ile miti ya ukingoni ilikuwa imezeeka, imeinama, na karatusi mukubwa ikianguka mu bonde inaenda na udongo yote ya mizizi yake, na baada ya udongo inafuata ukuta ya mutu. Basi shefu wa kartye, mukubwa wa mutaa, akaita watu: kila Jumamosi asubuhi, mwenye anataka aje, tutakata ile miti yenye imeinama, tutapanda mianzi na majani ya kushika udongo. Hakuna mushahara. Kuna maharage.

Maharage ilikuwa mi. Nilipika sufuria moja kubwa, ya harusi.

Mukubwa wa kazi alikuwa muzee mumoja ametoka Uvira, seremala, mukristo wa kusali sana. Alikimbia vita ya kwao akakuja mu vita ya kwetu, alikuwa anasema, "Nilitoka mu moshi nikaingia mu moto, lakini hapa maharage ni mazuri." Yeye ndo alikuwa na musumeno ya watu wawili, ile ndefu yenye mupini huku na mupini kule. Meno yake alikuwa anayafunika na kipande ya pneu, mupira ya baiskeli, amekipasua katikati, kama mutu anafunika mutoto. Bwana yangu akashika mupini ya pili. Watu wengine walikuwa wanavuta kamba, sababu muti imeinamia bonde, inabidi uivute ianguke upande wa nchi kavu.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa kama watu ishirini. Wamefunga kamba juu kwenye muti, wamesimama mbali, wanaivuta. Wale wawili wanakata. Mi nimekaa na sufuria yangu, nimefurahi, ni kama pikiniki. Halafu muti ikalia. Karatusi ikikaribia kuanguka inalia mu tumbo yake. Kaa. Halafu tena, kaa-kaa-kaa.

Wote tukalala.

Wote, nasema. Watu ishirini wa kamba, chini. Bwana yangu, chini, na tumbo yake. Muzee wa Uvira, fundi mwenyewe, mwenye amekata miti tangu hajaota ndevu, chini, amekumbatia kisiki. Na muti inakuja. Mungu mukubwa, kamba ilikuwa ndefu kuliko muti. Majani ya juu ikafika hatua tatu mbele ya mutu wa kwanza wa kamba ikasimama. Na shina, kule nyuma, ikaruka kwenye kisiki kama mbuzi, ikaanguka pembeni ya bwana yangu, umbali ya mukono moja tu.

Bwana yangu, uso bado mu majani, akasema, "Wamepiga nani?"

Muzee wa Uvira akakaa, akajigusa kichwa, akajigusa magoti. "Hawajapiga mutu, papa. Ni muti. Sisi wote ni wapumbavu."

Kicheko ikaanza kwenye kamba, ikaenda mutu kwa mutu. Wengine walicheka na machozi. Lakini kulikuwa na mumoja hakucheka na hakuinuka. Mudogo wangu.

Niwaambie huyu mudogo wangu wa kike. Alikuwa anakaa Kamenge, anauza mafuta ya mawese na ndagala, zile samaki ndogo za ziwa. Kamenge ilipowaka, alitoka na nguo yenye alikuwa amevaa, akatembea mpaka kwangu, na kitu kimebaki mu mwili yake. Miezi mingi alikuwa anakaa pembeni ya kitanda, anakunja kitenge anakunjua, anakunja anakunjua. Haongei. Na yeye mbele ya vita alikuwa anaongea kunipita mimi, fikiria. Ile Jumamosi ndo mara ya kwanza aliniambia mwenyewe, "Dada, nitaenda na we ku miti." Nilifurahi nikasahau chumvi mu maharage.

Sasa yuko chini, ameshika majani na vidole. Nikalala karibu yake, uso kwa uso, nikamuambia, "Mudogo, imeisha. Ni kuni tu." Ilichukua muda. Alipoinuka, maneno ya kwanza alisema ni, "Jumamosi ingine nitarudi."

Muzee wa Uvira alikuwa amesikia. Akanivuta pembeni, akaniongelesha na heshima, lakini bila sukari. "Mama, hawa wengine nitawafundisha. Huyu dada yako apana. Wengine walilala dakika moja, yeye amelala robo saa. Muti haingojei robo saa. Nitamuzika hapa, na mi sikutoka Uvira kuja kuzika watu."

"Papa, nyumbani anakufa kidogo kidogo."

"Hapa atakufa mara moja."

Nikamuangalia mudogo wangu. Alikuwa anaokota vipande ya maganda ya muti, anavipanga mu kitenge, uso yake imefunguka. Nikamuambia ule muzee, "Nipe majuma mawili. Nitamufundisha mi."

"We mwenyewe ulilala, mama."

"Basi tutafundishwa wawili."

Akacheka, akakubali, lakini akaweka sharti: siku ya kujaribu, akilala, anabaki nyumbani mpaka vita iishe. Na vita yetu ile hakuna mutu alikuwa anajua mwisho yake.

Ile siku hakukata muti ingine. Alitukalisha wote kama watoto wa shule, akatufundisha. Mbele ya kugusa muti, kila mutu anasafisha njia yake ya kutokea, nyuma, kwa mushazari, siyo nyuma kabisa sababu shina inaruka. Unaondoa mawe, unaondoa matawi, unaitembea mara mbili bila kuangalia chini. Kwanza unakata mudomo ya muti, pengo ya wazi, upande wenye itaanguka, na shoka. Halafu musumeno inaingia nyuma. Panga unabeba makali ikiangalia chini, na haumupi mwenzako makali, unamupa mupini. Musumeno unavuta, hausukumi, mwenzako atavuta zamu yake. Na mwenye hana kazi ku muti anakaa mbali, urefu ya muti mara mbili. Hapo aliniangalia mi na sufuria yangu. "Mara mbili, mama. Hata maharage."

Na kitu cha mwisho ndo ilinishika. Bwana yangu aliuliza, "Papa, sasa kama ni risasi kweli? Tutajuaje?"

Yule muzee akafikiri, akaonyesha juu. "Angalia nywele ya muti, yale majani ya juu. Ukisikia kaa, mbele ya kufanya kitu, inua macho. Nywele ikitembea, ni muti, na we tembea. Nywele ikitulia, ni watu, na we lala."

Basi nyumbani tukaanza shule. Mudogo wangu anachagua muchele kwenye ungo, mi nakuja nyuma yake na kijiti kikavu. Kaa. Anajitupa chini, muchele inaruka. Kuku wa jirani walitupenda sana yale majuma.

"Inua macho," namuambia. "Nywele iko wapi?"

"Dada, hapa hakuna muti."

"Angalia kamba ya nguo."

Kaa. Chini. Kaa. Chini. Siku ya tatu akaanguka kwenye magoti tu, akasimama mwenyewe, akatembea mpaka kwenye mulango ya fensi kwa mushazari, kama muzee alivyosema. Nikamupigia vigelegele. Jirani akachungulia, "Nani ameolewa?" Bwana yangu naye akaingia mu kazi. Akitoka garaji anakuja taratibu, anapiga bati ya gari yenye alikuwa anatengeneza uani, paa, na mi ndo nalala, mwalimu mwenyewe. Mudogo wangu anasimama juu yangu, mikono kiunoni. "Dada, nywele iko wapi?"

Alikuwa ameanza kunichokoza. Wallahi, nilipenda kuchokozwa kuliko sukari.

Lakini siku moja aliniambia kitu ya kweli. Tulikuwa tunamenya mihogo. "Dada, kichwa imeelewa. Mwili ndo haijui iko wapi. Mwili inafikiri bado iko Kamenge." Nilimupa muhogo ingine amenye. Baadaye nikamuambia, "Basi uiambie. Kila mara uiambie, we uko Nyakabiga, uko kwa dada yako." Akasema, "Inasikia pole pole." Nikasema, "Hata mi nasikia pole pole, na nimeolewa miaka makumi mbili."

Siku ya kujaribu ikafika. Muzee wa Uvira akamusimamisha nyuma yake, amushike shati. Muti ndogo, siyo ile mikubwa. Ikalia. Niliona magoti ya mudogo wangu yakikunjika, nikafunga macho, ikawa vibaya, sababu kulala sikulala lakini kuona pia sikuona. Nilipofungua, walikuwa kule mwisho wa njia wote wawili, amemushika shati bado, na shati imepasuka mugongoni.

"Aligusa chini na magoti," yule muzee akasema. "Lakini alitembea."

"Sasa ni ndiyo ao ni apana, papa?" nikauliza.

"Magoti ni ya Mungu, siyaingilii. Miguu ni ya muti. Atakaa kwenye kamba, wa mwisho kabisa, mbali. Bado namuangalia."

Ilikuwa nusu ya ndiyo. Mudogo wangu aliichukua kama ndiyo nzima, akashona ile shati usiku huohuo.

Sasa niseme na makosa yangu, sababu mukiongea vya wengine muongee na vyenu. Mi napenda kuongea. Urefu ya muti mara mbili ni mbali, mutu hasikii kitu. Kule nilikuwa naongea na sufuria. Basi kila Jumamosi nilikuwa nasogeza sufuria kidogo. Kidogo tu. Leo hatua tano, Jumamosi ingine tano. Kuna kivuli kizuri huku, najisemea, na hewa, na nasikia utani ya bwana yangu. Hakuna mutu aliangalia, wote wanaangalia muti. Mwisho nilikuwa nimekaa palepale penye muti italala, nakoroga maharage, nacheka.

Ilikuwa asubuhi nzuri. Muti mukubwa kuliko yote, yenye ilikuwa inatisha ukingoni. Mudomo imeshakatwa, musumeno imeingia nyuma zaidi ya nusu. Watu wa kamba wamesimama pembeni, wanangoja waambiwe vuta. Mudogo wangu alikuwa ametoka kwenye kamba kunywa maji kwenye jeriken, karibu yangu kidogo.

Na risasi ikalia. Risasi kweli, ya ku milima kule juu, mbali. Sasa nikifikiri, ilikuwa mbali sana, haikutuhusu. Lakini mwili haiulizi umbali. Watu wote wa kamba, ile mafundisho yote ikatoka mu kichwa, wakalala. Na wakalala na kamba mu mikono.

Mumeelewa? Watu ishirini wameanguka mara moja na uzito wao yote, hawajaachilia kamba. Hakuna mutu alikuwa amesema vuta, na kamba imevutwa.

Mi nililala pembeni ya sufuria, kichwa karibu na mafiga. Sikuangalia nywele. Sikuangalia kitu. Nilisikia kaa, nikafikiri risasi ingine, nikalala zaidi.

Halafu kuna mutu amenishika kitenge nyuma, hapa kiunoni, ananikokota. Kunikokota mi, na kilo zangu zile. Nasikia sauti ya mudogo wangu, ile sauti ya zamani, ya kuuza ndagala Kamenge, yenye inapita soko nzima: "Inukeni, ni muti. Nywele inatembea. Dada, miguu. Miguu yako, dada."

Nikapata miguu. Sijui niliipata wapi. Tukaenda mushazari, yeye amenishika, mi nimeshika mwiko. Bwana yangu na muzee wa Uvira waliisikia ile sauti, wakapita mu njia zao na magoti na mikono, kama watoto wanatambaa, sababu ya kuogopa vyote viwili, muti na risasi. Na muti ikalala chini. Udongo ikatetemeka mpaka mu meno.

Sufuria yangu ya harusi ikawa sahani. Maharage ilikuwa juu ya majani, juu ya mawe, mpaka kwenye kofia ya mutu. Mutu hakuna aliyeumia. Alhamdulillah, hata kidole.

Tulikaa chini tukingoja milima inyamaze, ikanyamaza. Mudogo wangu yeye alikuwa amesimama. Nikamuuliza, "Mwili ilijua iko wapi?" Akasema, "Haikujua, dada. Lakini macho ilikuwa imeshaenda juu."

Muzee wa Uvira alikuja akipima na hatua, kutoka kwenye kisiki mpaka kwenye sufuria. Hakuhitaji kupima, ilikuwa wazi. Akaniangalia. Mi, mama muzima, nikaangalia viatu vyangu.

"Mara mbili, mama," akasema taratibu. "Nilisema hata maharage."

"Nilitaka kusikia utani, papa."

"Utani ya bwana yako? Ungekufa sababu ya hiyo?"

Bwana yangu akasema, "Hata mi nisingekufa sababu ya hiyo," na hapo kicheko ikarudi.

Halafu yule muzee akaongea na wote. Akasema kosa ya kwanza ni yake: alitufundisha miguu, hakutufundisha mikono. Tangu leo, mwenye anashika kamba, akisikia kitu chochote, mikono inafunguka kwanza. Tulifanya mazoezi palepale, yeye anapiga makofi, sisi tunaachilia. Makofi, achilia. Watu wenye walikuwa wanapita njia ya juu walituangalia wakadhani ni dini mupya.

Na akamugeukia mudogo wangu. Hakumusifu sana, hakuwa mutu wa sifa. Alichukua musumeno, akaifunika meno, akamuonyesha mupini ya pili. "Jumamosi ijayo utashika hapa."

"Na mi?" bwana yangu akauliza.

"We, papa, utachimba mashimo ya mianzi na bibi yako. Kule mbali. Mutaongea mupaka muchoke."

Ndo ilivyokuwa. Mi nikapikia kwenye fensi ya nyumba moja kule juu, mbali kabisa, na bwana yangu pembeni yangu na jembe, anachimba kidogo, anapumzika sana. Utani nilisikia mpaka nikashiba, na nilijua yote tangu mbele ya kuolewa. Kwa mbali tulikuwa tunaona musumeno inaenda inarudi, yule muzee huku na mudogo wangu kule, hakuna mwenye anasukuma. Jumamosi baada ya Jumamosi. Mabega ya mudogo wangu ilirudi kuwa mabega ya mutu.

Kuna asubuhi moja nilipeleka maji, nikasimama mahali pangu, mbali, nimejifunza. Walikuwa wanataka kuanza muti. Yule muzee ameshainama, ameshashika mupini. Mudogo wangu hakushika yake. Alitembea njia yake mara mbili, halafu akaenda akatembea na njia ya muzee, pole pole, anaigusa na mguu.

"Papa, hapa kuna kisiki."

"Ni kidogo, mama. Nakijua."

"Macho yako itakuwa juu. Mguu yako ndo haikijui."

"Tumechelewa."

Mudogo wangu akakaa juu ya kile kisiki, akaweka mikono mu mapaja, akamuangalia. Muzee wa Uvira akaachilia musumeno, akaomba mutu shoka, na akaipokea kwa mupini. Alikata kile kisiki mpaka udongo, na sisi wote tukangoja.